Mwamuzi wa Chumba cha Juu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mwamba mkubwa wa mji wa Kurunegala, Dinithi Hapuarachchi alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Alizipanga kamera za baba yake juu ya meza ya kulia chakula, akazipuliza vumbi, kisha akafuta vioo vyake kwa kitambaa laini, kimoja baada ya kingine. Mama yake alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni aondoe vyuma hivyo ili watu wapate pa kulia.

"Mkate wa nazi unapoa, wewe unabembeleza mitambo!"

"Nakuja, Mama! Hiki kioo kina alama ya kidole gumba. Tena namjua mwenye kidole."

Baba yake, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati, alijifanya hakusikia. Bwana Hapuarachchi alikuwa mpiga video za harusi, na hapakuwa na bibi harusi mjini aliyemkubali mtu mwingine. Lakini katika mashindano ya kriketi ya shule alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya bila malipo. Alikuwa mwamuzi wa video. Alikaa katika chumba cha juu cha jengo la uwanjani mbele ya kompyuta, na waamuzi walio uwanjani wakishindwa kuona jambo vizuri walimwuliza yeye. Aliirudisha picha nyuma, akaitazama polepole, kisha akawasha taa. Nyekundu maana yake mchezaji ametolewa, kijani maana yake bado yumo. Taa zenyewe zilikuwa balbu za kupambia harusi, na watoto walizipenda kuliko mchezo wenyewe.

Dinithi, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa msaidizi wake. Kucheza hakujua. Mpira ukimjia alifumba macho na kujikunja, na wenzake wa Shule ya Nelumpura walikwisha kuchoka kumcheka. Lakini akiwa mbele ya kioo cha kompyuta, hapakuwa na kitu kilichompita. Kanuni za mchezo alizijua zote kwa moyo, hata zile ambazo walimu walilazimika kuzitafuta kitabuni. Macho alikuwa nayo, na alijua kwamba anayo.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya wasichana, Nelumpura na Kolongoda. Chai ilikuwa bado moto mezani simu ya baba ilipolia. Alisikiliza, akashika kichwa.

"Mnajimu wa ile harusi ya leo amebadilisha saa njema," alisema. "Bwana na bibi harusi wapande jukwaani saa nne na dakika kumi na saba, siyo jioni. Siwezi kuwa kote kuwili."

"Na fainali je?" mama aliuliza.

Dinithi aliweka kikombe chini. "Fainali nitaiamua mimi," alisema, kama mtu anayesema atakwenda dukani kununua sukari.

Baba alimpigia simu Mzee Edirisinghe, mwamuzi mkuu wa siku hiyo.

Mzee Edirisinghe alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu, na uwanja aliusimamia kama stesheni, kila mtu mahali pake na kila jambo kwa wakati wake. Dinithi na baba yake walipofika uwanjani na kushusha vifaa, alikuwa amesimama langoni na saa mkononi. Pembeni yake alikuwapo Bi Malkanthi, mwalimu wa timu ya Kolongoda, mwanamke mrefu mwenye mwavuli mweusi.

"Tatizo ni moja," Mzee Edirisinghe alisema bila kuzunguka. "Huyu binti ni wa Nelumpura. Mwamuzi wa video hatakiwi kuwa wa upande wowote. Bi Malkanthi, ukikataa, tutacheza bila video. Sitakulaumu."

Bi Malkanthi aliinama kidogo, akamtazama Dinithi usoni.

"Wiki iliyopita, kwenye nusu fainali, nilikuwa nimekaa nyuma ya baba yako," alisema. "Yeye alikuwa anataka kuwasha nyekundu, wewe ukamwambia aangalie tena. Ukawa sahihi. Leo ukiona mtu wa shule yako ametolewa, utawasha nini?"

"Nyekundu, Mwalimu."

"Hata akiwa rafiki yako?"

"Hasa akiwa rafiki yangu, maana Ruwini ana kelele. Nikimpendelea ataniomba kila siku."

Bi Malkanthi alicheka. "Basi. Namwamini huyu."

Kabla ya kuondoka, baba alifunga kamera mbili pembeni mwa uwanja, moja upande huu na nyingine upande ule. Kila kamera aliiweka sawasawa na mstari mweupe wa upande wake, ambao mpigaji anatakiwa kuuvuka anapokimbia, kabla wapinzani hawajaviangusha kwa mpira vijiti vitatu vya wiketi vilivyo nyuma yake. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akasogeza kidogo, akapima tena. Juu, katika chumba cha waamuzi, alibandika uzi mwekundu juu ya kioo cha kompyuta, mahali hasa ulipoonekana ule mstari.

"Chokaa itafutika," alimwambia Dinithi. "Ikifika saa tisa wachezaji watakuwa wameikanyaga yote. Hapo uzi ndio mstari wako. Lakini sikiliza vizuri. Uzi unasema kweli kama kamera haijasogezwa. Ukiisogeza hata hatua moja, uvue uzi na upime upya. Umesikia?"

"Baba, ulinifundisha hilo nikiwa na miaka tisa."

"Najua. Ndiyo maana nalirudia."

Mchezo ulianza. Upande wa mashariki bendi ya tarumbeta na ngoma ya wazee waliosoma Nelumpura ilikuwa imejipanga chini ya hema, na kila mkimbio, yaani pointi, ulipopatikana walipiga muziki hadi madirisha yakatetemeka. Nelumpura walipiga kwanza. Kabla ya chakula cha mchana, mara tatu Mzee Edirisinghe alichora mraba hewani kwa vidole, ishara ya kumwuliza mwamuzi wa video, na mara tatu Dinithi alijibu.

Mara ya kwanza aliwasha kijani. Mara ya pili ilikuwa zamu ya Ruwini Abeykoon mwenyewe, nahodha wa Nelumpura na rafiki wa Dinithi tangu chekechea. Alikuwa akikimbia kurudi, na mchezaji wa Kolongoda akavirushia mpira vile vijiti vitatu. Dinithi aliitazama picha polepole. Gongo la Ruwini la kupigia mpira lilikuwa limegusa mstari, lakini halijauvuka, na kugusa tu hakumsaidii mpigaji. Vipande vidogo vya mti vilivyokaa juu ya vijiti vilikwisha kuruka.

Aliwasha nyekundu.

Uwanja mzima ulipiga kelele. Ruwini alitazama dirisha la juu, akatoa ulimi, kisha akacheka na kutoka. Mara ya tatu ilikuwa nyekundu tena, na tena ilikuwa sawa.

Wakati wa chakula jina la Dinithi lilikuwa midomoni mwa watu. Mwalimu mkuu alimpungia mkono. Mpiga tarumbeta mmoja mnene alimwita "Jicho la Mwewe". Dinithi alijitia hajali, lakini kichwa kilikuwa kinaanza kuvimba, na msomaji asimlaumu sana, kwa sababu hata wakubwa wakisifiwa mara tatu kwa asubuhi moja hubadilika mwendo.

Mchana jua lilichoma hadi majani yakalala. Kolongoda walikuwa wakipiga sasa, wakifukuza mikimbio mia moja na kumi na miwili ya Nelumpura. Wakati wa mapumziko ya chai, kompyuta ilitoa alama ya hatari. Kamera ya upande wa mashariki ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na ikizidi ingezimika yenyewe.

Dinithi alishuka ngazi mbio. Kamera ilikuwa ya moto, mtu asingeweza kuishika kwa kiganja. Hatua tatu tu kutoka pale kulikuwa na kivuli cha hema la bendi. Aliibeba pamoja na miguu yake mitatu, akaiweka kivulini karibu na kamba ya hema, akaigeuza hadi vijiti vya wiketi vikaonekana katikati ya picha kama mwanzo.

"Nitapima uzi nikirudi juu," alijiambia.

Alikuwa na nia hiyo kweli. Lakini mpiga tarumbeta mnene alimwita. "Jicho la Mwewe! Njoo unywe chai na wanaume wa bendi!" Akapewa kikombe cha chai ya maziwa na keki mbili za mafuta na asali. Wakamwuliza anajuaje mambo yote yale. Akaanza kuwaeleza. Alikuwa bado anaeleza, mdomo umejaa keki, filimbi ya kuanza mchezo ilipolia, akapanda ngazi mbili mbili na kukaa kwenye kiti chake. Suala la uzi lilikuwa limemtoka kichwani kabisa.

Hakuna aliyemwuliza lolote kwa muda mrefu. Wachezaji wa Kolongoda walitoka mmoja baada ya mwingine, lakini mmoja aligoma kutoka. Aliitwa Thisari Madugalle, msichana mwembamba wa kimo kifupi aliyefunga nywele kwa utepe wa njano, na alipiga kila mpira kana kwamba umemtukana. Ikafika mahali Kolongoda wanahitaji mikimbio kumi, zimebaki zamu za wapigaji wawili baada ya Thisari, na hao wawili walishika gongo kama ufagio. Kila mtu uwanjani alijua hesabu hiyo. Thisari akibaki, Kolongoda wanashinda. Thisari akitoka, kombe ni la Nelumpura.

Mpira ukapigwa. Thisari akakimbia mkimbio wa kwanza, akageuka kwa wa pili. Alikimbia kwa kupinda mbali na vijiti ili asigongane na mrushaji, akajitupa chini, akanyoosha gongo. Wakati huohuo Ruwini aliudaka mpira na kuvunja vijiti.

"Vipi mwamuzi!" timu nzima ya Nelumpura ilipaza sauti, ikidai ametolewa.

Mzee Edirisinghe alivitazama vijiti. Kisha alichora mraba hewani. Sauti yake ikaja kwenye simu ya upepo. "Chumba cha juu. Naomba unihakikishie kama amefika."

Dinithi alirudisha picha. Mahali gongo lilipogusa ardhi, chokaa ilikuwa imefutika yote, pamebaki udongo mtupu, lakini uzi mwekundu ulikuwapo. Akasogeza picha moja, ya pili, ya tatu. Kile kipande cha mti kikanyanyuka juu ya kijiti. Alitazama gongo. Kati ya ncha ya gongo na uzi palikuwa na nafasi ya vidole vinne, na ilikuwa wazi kabisa, hata mtoto wa darasa la kwanza angeiona.

Hakusita. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi, na balbu nyekundu zikawaka.

Bendi ililipuka. Wasichana wa Nelumpura walimrukia nahodha wao shingoni. Thisari alibaki amepiga magoti kwa muda, halafu akanyanyuka, akabana gongo kwapani, akaanza kutoka taratibu huku akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Dinithi alijiegemeza kwenye kiti, ameridhika. Akairudisha picha, safari hii kwa kujifurahisha tu, auone tena uamuzi wake mzuri. Ndipo alipoona kitu katika pembe ya chini ya kioo. Ilikuwa kamba nene, nyeupe, iliyofungwa kwenye kigingi.

Kamba ya hema la bendi.

Asubuhi haikuwapo kwenye picha.

Uzi ulikuwa palepale baba alipoubandika, lakini kamera ilikuwa mahali pengine. Karibu na vijiti uzi ulikuwa sawa, lakini kule mbali, alikojitupa Thisari, mstari wa kweli ungeweza kuwa kiganja kizima upande huu au upande ule. Vidole vinne havikuwa na maana yoyote. Picha ile haikuonyesha kama Thisari ametolewa, wala haikuonyesha kama yumo. Haikuonyesha kitu.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Hansani, mwanafunzi mwenzake wa Nelumpura aliyekuwa akibadilisha namba kwenye ubao wa matokeo, amejaa furaha.

"Umetuokoa, Dini! Umeona alivyo..." Akanyamaza alipouona uso wake. "Una nini?"

"Kamera niliisogeza. Wakati wa chai. Sikupima upya."

Hansani alichukua muda kuelewa. Kisha akafunga mlango nyuma yake na kushusha sauti. "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi nyamaza! Kwani umedanganya? Umeona ulichoona. Huenda kweli hakufika."

"Huenda."

"Sasa je! Dini, ukisema, watakuita mwizi. Watasema Nelumpura ina mwamuzi wake. Hawatakuweka hapa tena maisha yako yote. Na Ruwini? Ruwini atakula nyama yako mbichi."

Yote aliyosema Hansani yalikuwa kweli, na Dinithi alijua ni kweli. Aliogopa, tena aliogopa sana. Nje Thisari alikuwa amefika nusu ya njia, na mwenzake mwenye kushika gongo kama ufagio alikuwa anaingia. Kanuni Dinithi alizijua. Mwamuzi anaruhusiwa kurekebisha uamuzi wake, lakini afanye haraka. Mpira mwingine ukisharushwa, basi.

Aliwaza uso wa Bi Malkanthi ulipoinama asubuhi, na yale maneno mawili, namwamini huyu. Akachukua simu ya upepo.

"Mwamuzi," alisema. Akakohoa, akajikaza. "Mwamuzi, huku chumba cha juu. Tafadhali msirushe mpira. Nimekosea."

"Rudia," alisema Mzee Edirisinghe.

"Kamera ya mashariki niliihamisha wakati wa chai kwa sababu ya joto. Sikuupima mstari tena. Kosa ni langu. Picha niliyoitumia haifai, na kamera ya pili inatazama mstari wa upande mwingine. Siwezi kusema ametolewa, siwezi kusema yumo. Uamuzi urudi kwako."

Hansani alijifunika uso kwa mikono. Kule uwanjani Mzee Edirisinghe alitazama dirisha, kisha akanyoosha mkono mmoja kuwazuia wachezaji. Kwa mkono mwingine alimwita Thisari.

"Wewe binti! Rudi hapa."

"Niende wapi, Mwamuzi?" Thisari aliuliza, haamini.

"Kwenye kazi yako. Mimi kwa macho yangu nilikuona kama umefika, ila sikuwa na hakika, ndiyo nikauliza. Sasa hakuna picha. Pakiwa na shaka, mpigaji anabaki. Yumo!"

Dinithi alizima taa nyekundu, akawasha kijani.

Bendi ilikatika katikati ya wimbo, isipokuwa tarumbeta moja iliyochelewa kupata habari. Kisha kelele zikaanza. Watu wa Nelumpura walizomea. Ruwini alikuja mbio hadi chini ya dirisha, uso mwekundu kwa jua na hasira.

"Dini! Unafanya nini? Ulishawasha nyekundu!"

"Niliwasha vibaya, Ruwini."

"Ungekausha tu! Wewe ni wa kwetu au wa kwao?"

"Nahodha!" sauti ya stesheni ilinguruma kutoka katikati ya uwanja. "Treni inaondoka. Rudi mahali pako!"

Mchezo uliendelea. Thisari alipata minne kwa pigo moja, na miwili, kisha akapiga mpira mwingine wa chini uliopita katikati ya walinzi wawili hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Kolongoda walishinda na mipira mitatu ikiwa bado haijarushwa. Walimbeba Thisari mabegani, na utepe wake wa njano ukapotea katika msongamano.

Dinithi alikaa juu peke yake. Alivua uzi mwekundu kwenye kioo, akazungusha nyaya, akafungasha kila kitu kwenye mabegi polepole, kwa sababu hakuwa na haraka ya kushuka. Alilia kidogo, akajifuta, akabeba mabegi yote mawili kwa mara moja. Akashuka huku amenyoosha shingo. Kama ni kuzomewa, wamzomee anatembea.

Chini ya ngazi Mzee Edirisinghe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vimevuliwa, anakunywa maji ya nazi. Bi Malkanthi alikuwa amesimama karibu, na Ruwini pembeni kidogo, amekunja mikono, hatazami mtu.

"Weka mizigo chini," alisema mzee. "Tuanze na kosa lako. Kwa nini hukupima?"

"Nilisahau."

"Kwa nini ulisahau?"

Dinithi alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilikuwa nasifiwa, Mzee. Nikanogewa."

Mzee alikaribia kucheka, akajizuia. "Jibu zuri. Mimi kwenye reli nilisimamisha treni ya mizigo kwenye stesheni ya Polgahawela kwa saa mbili kwa sababu hiyohiyo. Mkubwa fulani alikuwa ananisifia ratiba zangu. Sasa nisikilize, na wewe nahodha, usiangalie nyasi, nisikilize pia. Watu wanadhani kule juu kuna mashine inayoamua. Kamera inaonyesha tu kile ilichoelekezewa. Ikielekezwa vibaya itaonyesha vibaya, tena kwa picha safi kabisa. Anayetakiwa kujua kama picha inafaa ni mtu aliyekaa pale, na mtu huyo akikosa ujasiri wa kusema 'nimekosea', basi heri tucheze bila video, tuamue kwa macho yetu mabovu."

"Lakini tumepoteza kombe," Ruwini alisema.

"Mmelikosa," alisema mzee. "Mngelichukua, lingekuwa la nani? Ungelinyanyua juu, na rafiki yako hapa angekuwa anatazama chini, na usingejua kwa nini. Mngekaa miaka mingapi hivyo?"

Ruwini alifuta pua kwa mkono wa shati.

Bi Malkanthi alikunja mwavuli wake. "Mzee Edirisinghe, wiki ijayo tunaenda kucheza na mabingwa wa wilaya nyingine. Wenyeji wameniuliza ninamtaka nani chumba cha juu. Baba wa huyu binti ana harusi tena?"

"Mwezi huu ana harusi kila Jumamosi," alijibu Dinithi.

"Sikuwa namtaka yeye." Bi Malkanthi alimwekea mkono begani. "Nawataka wajue kuwa Kolongoda tunaye mwamuzi ambaye akikosea anatuambia. Wengi wanaojua kanuni ninawapata. Wa namna yako sijapata mwingine. Utakuja?"

Dinithi alitaka kusema ndiyo mara moja, kama ilivyokuwa asubuhi mezani. Safari hii alifikiri kwanza.

"Nitakuja, Mwalimu. Ila nahitaji mtu wa kusimama kwenye kamera siku nzima, ili isiguswe bila mimi kujua. Hata mimi mwenyewe nisiiguse peke yangu."

"Mtu gani?"

Ruwini alifungua mikono aliyokuwa ameikunja, akainama, akachukua begi zito kuliko lote.

"Mtu mwenye kelele," alisema. "Na bado nimekasirika, Dini, usijidanganye. Nitakasirika hadi Jumatano. Twende, hiki kitu kina uzito gani?"